Makaburi ya Uluguru na Sheria Inayojua Kuhamisha

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha,

Mwaka 1969 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Kuhamisha Makaburi, ambayo leo ni Sura ya 72 katika vitabu vya sheria za nchi. Nawaomba mlisome jina hilo kama mnavyousoma mshororo wa kwanza wa shairi, kwa kuwa limebeba maudhui yote. Kitenzi chake ni kimoja, nacho ni kuhamisha. Ukiiacha Kanuni ya Adhabu, inayomwadhibu mtu anayevunja heshima ya maziko kwa makusudi, hiyo ndiyo sheria yetu iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya makaburi, na kaburi huingia ndani yake siku ardhi yake inapohitajiwa kwa kazi nyingine. Sheria ya Kuhifadhi Makaburi hatuna.

Wapo watu wa kujitolea, katika nchi mbalimbali, wanaofyeka magugu makaburini, wanaoandika majina ya waliolala humo, na wanaowabishia hodi viongozi wao wakidai sheria ya kuyalinda. Naandika kuwaunga mkono, na kuwaomba wapenzi wa Kiswahili tujiunge nao. Naamini kwamba kazi hiyo ikifika katika milima ya Uluguru huwa kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya sheria, na hapo ndipo sisi tunapodaiwa.

Kwanza niitendee haki sheria ya 1969. Haikutungwa na watu wasiojali. Inataka wafu wahamishwe kwa heshima na imani za jamaa zao zizingatiwe. Inatoa fidia ya gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, na pamoja na hizo inazitaja gharama za ibada za kuwatuliza waliosumbuliwa. Maana yake ni kwamba sheria ya nchi inalitambua tambiko, ila inalitambua katika orodha ya malipo. Mzee wa ukoo aweza kudai gharama ya kuku na pombe ya kuombea radhi. Kusikilizwa anaposema kwamba mahali hapa pasiguswe, na kuulizwa kwa nini, ni jambo ambalo sheria hiyo haikukusudiwa kulifanya.

Jambo hili si la nadharia Morogoro. Treni ya reli ya kisasa inafika mjini tangu Juni 2024. Bwawa la Kidunda linajengwa katika mto Ruvu. Mji wenyewe unazidi kupanda kwenye miteremko ya mlima. Sizilaumu kazi hizi, kwani watu wanahitaji maji, nauli nafuu na mahali pa kujenga. Nasema tu kwamba anapofika mpimaji na vifaa vyake, mazungumzo juu ya kaburi huanza wakati uamuzi umekwisha kutolewa, na swali linalobaki ni la kiasi cha fidia.

Huenda msomaji akaniuliza, je, hatuna Sheria ya Mambo ya Kale? Tunayo, ilitungwa mwaka 1964, nayo ni Sura ya 333. Na humo maziko yametajwa. Jengo, ngome, maziko au kazi nyingine ya mikono ya watu iliyofanywa Tanganyika kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa. Kilicho baada ya hapo hungoja tangazo la Waziri. Kwa hiyo magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi na Tongoni, yenye makaburi ya mawe na nguzo zake, yamo ndani ya ulinzi bila shaka yoyote, nami nafurahi kwamba yamo. Sheria hiyohiyo inalinda pia milango ya mbao iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1940. Fundi aliyeuchonga mlango mwaka 1930 kazi yake inalindwa. Yeye mwenyewe, akiwa alizikwa mwaka huohuo, kaburi lake halilindwi kwa tarehe.

Tarehe hiyo ina kasoro ambayo mtunzi wa mashairi anaweza kuiona upesi, maana imesimama mahali pamoja wakati sisi tunakwenda. Ilipowekwa ilikuwa na umri wa miaka 101. Sasa imepita miaka 160 na zaidi, na bado mwaka ni uleule. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 na kaburi lake liko Machui, Tanga. Kwa kipimo cha 1863, kaburi la mtu aliyeifanyia lugha yetu kazi kubwa kuliko wengi halitaingia kamwe katika ulinzi kwa umri wake, hata ipite miaka elfu. Litategemea Waziri mmoja mwenye kumbukumbu nzuri.

Sasa tupande Uluguru, ambako kasoro ya pili hujitokeza. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama. Ardhi, heshima na jina hupita kwa mjomba na mpwa. Mkuu wa ukoo anapofariki, anayemfuata hurithi jina lake pamoja na wajibu wake, hata jina moja likaishi vizazi vingi katika miili tofauti. Huko Kinole, upande wa mashariki wa milima, jina la Kingalu limepokezanwa hivyo na watawala walioheshimiwa pia kwa mvua. Kwa watu wa namna hiyo kaburi la muasisi wa ukoo ni mwanzo wa hesabu. Hapo ndipo jina lilipoanza, hapo ndipo wazao hurudi kutambika mvua inapokawia au maradhi yanapozidi.

Lakini makaburi mengi ya koo hizo hayana jiwe lililoandikwa. Yana mti, au kichaka kisichokatwa, au kilima kidogo kinachojulikana na wazee watatu wanne. Mwulize mzee aliyelala hapo alizikwa lini, naye atakuhesabia majina, huyu alimrithi yule, yule alimrithi fulani, na wa kwanza ndiye aliyefika na watu wake. Ukimwomba athibitishe kwamba ilikuwa kabla ya 1863, utakuwa umemwomba atafsiri hesabu ya majina kuwa hesabu ya miaka, na asiposhawishi, kaburi limeshindwa kesi. Hata maandishi hayawezi kumsaidia sana. Henry Morton Stanley alipita chini ya milima hii mwaka 1871 na kuandika habari za mji wa Simbamwenni, ulioasisiwa na Kisabengo, pamoja na kuta zake. Ushahidi huo, ulio miongoni mwa ule maarufu kabisa juu ya Morogoro ya zamani, umechelewa miaka minane kwa kipimo cha sheria.

Basi tatizo la Uluguru halimalizwi kwa kusema kwamba sheria haipo. Sehemu ya sheria ipo, lakini inauliza swali kwa lugha ambayo kaburi halikufundishwa kujibu. Ushahidi wa kaburi lisilo na jiwe uko midomoni, katika masimulizi ya koo, katika nyimbo za msibani, katika majina ya mito na mashamba. Huo ni ushahidi wa aina ileile tunayoishughulikia sisi tunaoandika tenzi na kukusanya methali.

Ili tuone kwamba ulinzi wawezekana, hatuna haja ya kutoka Morogoro. Mjini yako makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, tangu majeshi ya Waingereza yalipouingia mji tarehe 26 Agosti 1916. Yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917 kwa hati ya kifalme ili kila aliyekufa akumbukwe. Safu zimenyooka na majani yamekatwa. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo, wakafa kwa njaa na kuhara katika njia za huku kwetu, hawakupata safu. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri na kuomba radhi. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mlima uleule na vita vilevile, ila mmoja alikuwa na chombo cha kuliandika jina lake na mwingine hakuwa nacho.

Kilomita chache kutoka hapo ni Mazimbu. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa ardhi hapo miaka ya 1970, kikajenga chuo kilichoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wakimbizi waliofia hapo wamezikwa hapo, na makaburi yao hutembelewa na wageni wa serikali na wanafunzi.

Huko kwao wenzao waliporudi na kushika serikali walitunga sheria ya urithi wa taifa, Namba 25 ya mwaka 1999, yenye kifungu kizima cha makaburi, kifungu cha 36. Makaburi ya waliokufa katika mapambano yana ulinzi wake. Na kaburi lolote lenye umri wa zaidi ya miaka 60, lililo nje ya makaburi rasmi yanayosimamiwa na serikali ya mtaa, haliguswi bila kibali. Angalieni kipimo hicho. Hakitaji mwaka, kinataja umri. Kila mwaka unaopita, makaburi ya mwaka mwingine yanaingia chini ya mwavuli bila mtu kuandika barua. Hakidai jiwe, na kimewafikiria hasa wale waliozikwa shambani na msituni. Kwa kipimo hicho kaburi la Machui lingekuwa limelindwa tangu 2022.

Na nani huanzisha mambo haya? Mara nyingi ni raia wasio na cheo. Mwaka 1991, huko New York, wajenzi wa jengo la serikali waliyakuta makaburi ya Waafrika waliotumikishwa utumwani na watu huru weusi wa enzi ya ukoloni. Kazi ilikuwa iendelee. Wazao wao na wakazi wa mji walikesha mahali hapo, wakaandamana, wakawabana wanasiasa, hata mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaizuia sehemu ile isijengwe. Mabaki ya watu 419 yalizikwa tena mwaka 2003, na mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Desemba 2022, baada ya miaka mingi ya kushawishiwa na watu wa namna hiyo, Bunge hilo lilipitisha sheria ya kusaidia utafutaji na utunzaji wa makaburi ya zamani ya Wamarekani weusi kote nchini. Karibu kila hatua ya safari hiyo ilianzwa na watu wasiolipwa.

Narudi nyumbani na kwa lugha yetu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinafasiriwa. Mtu fulani, mezani kwake, atachagua neno la kuweka katika vifungu nilivyovitaja, na neno hilo ndilo litakaloamua kipi kinalindwa. Akiandika kaburi tu, atakuwa amelilinda shimo lililofukiwa juu ya maiti. Lugha yetu ina zaidi ya hilo. Ina maziko, ambayo ni tendo na mahali. Ina mava, neno la kale ambalo vijana wengi hawalijui, lenye maana ya makaburi mengi pamoja. Ina ziara, ambayo kwa maana yake ya zamani ni kaburi linaloendewa kwa heshima, na ndani ya kaburi ina mwanandani na kiunza. Na ina mzimu, neno ambalo ni aliyekufa na vilevile ni mahali anapoombwa.

Neno hili la mwisho ndilo linaloihusu Uluguru zaidi. Pango la Kolelo, huko Kolero, habari zake zilivuka milima zikafika Uzaramo, na wapo waliozihusisha na vita vya Majimaji vya mwaka 1905. Hapo hakuna kaburi la kupimwa kwa futi, lakini ni mzimu kwa maana zote mbili. Baadhi ya mahali pa namna hiyo pamepata kinga kwa bahati, kwa kuwa yamo msituni, na misitu ya Uluguru ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Sheria ya misitu inailinda miti, na mizimu inafaidi kivuli chake. Kilichozikwa shambani, kati ya migomba na mahindi, hakina bahati hiyo.

Zipo hoja dhidi yangu, nazo ni nzito. Hoja ya kwanza ni ya ardhi. Uluguru ina watu wengi na mashamba madogo, na kijana asiye na ekari moja anayo haki ya kuuliza kwa nini wafu wapewe nafasi. Namjibu kwamba mti mmoja na hatua kumi za kuuzunguka haviondoi shamba, na kwamba anayepoteza kaburi la ukoo mara nyingi hupoteza na ushahidi wa jinsi ukoo wake ulivyofika hapo. Hoja ya pili ni ya dini. Wako Waislamu na Wakristo, tena wa kabila hilohilo, wasiopenda tambiko, na wako wanaoona ni makosa kulitukuza kaburi. Sitaki sheria imlazimishe mtu kutambika, wala sitaki saruji na vigae juu ya kaburi lililodumu kwa kutojengwa. Kutolivunja kaburi hakuna dini inayokugombeza. Hoja ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nayo ni kwamba daftari la makaburi laweza kugeuzwa silaha katika kesi za mipaka, kila ukoo ukikimbilia kuandikisha. Kwa hiyo sheria yenyewe lazima iseme waziwazi kwamba kuandikwa kwa kaburi kunalinda maziko na hakumpi mtu hati ya shamba.

Ninachokitaka ni mambo matatu kwa Bunge. Mwaka 1863 uondolewe na badala yake uwekwe umri, na miaka 60 ya Waafrika Kusini yatufaa. Ushahidi wa mdomo, uliotolewa na wazee wa koo na kuandikwa kwa utaratibu, ukubaliwe kuwa ushahidi wa umri wa kaburi. Na kaburi lililoandikishwa liulizwe kabla ramani ya mradi haijachorwa, si baada yake.

Bunge huenda likachukua muda mrefu, lakini kijiji hakina haja ya kulingoja. Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 1982, inaziruhusu halmashauri za vijiji kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji cha Matombo, cha Mgeta au cha Mkuyuni kinaweza kuamua kwamba mahali fulani hapalimwi wala hapakatwi mti, na kikaweka jambo hilo katika mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kinachohitajika kabla ya hapo ni daftari, na daftari linahitaji watu wa kujitolea wenye sikio.

Hapo ndipo ninapowaiteni. Anayejua Kiluguru na amwendee mzee angali hai, na asimpeleke mgeni mahali ambapo wenyewe hawataki pajulikane. Aandike jina la aliyezikwa, aliyemrithi, mti ulio hapo, kijito kilicho karibu na maneno yanayosemwa wakati wa kutambika, ikiwa wenyewe wameridhia. Ayaandike kama yalivyosemwa, kwa Kiluguru, kisha ayafasiri. Asiahidi fidia, wala asichimbe kitu. Aliache nakala moja kijijini na nyingine kwa mkuu wa ukoo. Kazi hiyo haina posho, na mzee mmoja akiondoka kabla haijafanywa, kaburi aliloliweka kichwani linabaki kichaka kama vichaka vingine.

Nawatupia ubeti huu, mwenye jibu na ajibu:

Kaburi halina jiwe, jina lake twalijua,
Sheria na iambiwe, mti ulipochipua,
Majina yahifadhiwe, kabla ya kuchwa kwa jua,
Wafu wasisumbuliwe, bila sisi kutambua.

Atakayejibu kwa ubeti nitamshukuru. Atakayejibu kwa jina moja la kaburi lililoandikwa, pamoja na jina la mzee aliyeridhia litajwe, nitamshukuru zaidi.